Tepu na Mazoezi ya Kurekebisha Mkao wa Shingo na Mabega: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wakazi wa Dar es Salaam huuliza wanapofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia wakiwa na shingo iliyokaza, mabega yanayowaka moto ifikapo jioni, au baada ya kuambiwa na ndugu zao kwamba wanaanza kuota kibyongo. Majibu yanamhusu mtu mzima ambaye hajaumia ajalini wala hana ugonjwa unaojulikana wa mifupa. Mwenye ganzi, udhaifu wa mkono, homa au maumivu yanayomwamsha usiku aanze kusoma swali linalohusu dalili za hatari, kisha ndipo arudi juu.

Shingo iliyotangulia mbele na mabega yaliyojikunja ni hali gani hasa?

Mtu anaposimama wima na kutazamwa ubavuni, tundu la sikio lake huwa karibu juu ya ncha ya bega. Shingo inapotangulia, sikio huhamia mbele ya bega, kidevu hunyanyuka ili macho yaendelee kuona mbele, mabega hujikunja kuelekea kifuani, na sehemu ya juu ya mgongo hujiviringa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi, na kinabebwa na pingili 7 za shingo. Kikikaa juu ya kiwiliwili, pingili hizo ndizo zinazopokea sehemu kubwa ya uzito. Kikisogea mbele, misuli ya kisogo na ile ya juu ya mabega hulazimika kukishikilia muda wote kisianguke. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alikokotoa kwa modeli ya kompyuta kwamba shingo iliyoinamishwa nyuzi 60 hubeba mzigo unaolingana na kilo 27. Hiyo ni hesabu, wala si kipimo kilichochukuliwa ndani ya shingo ya mtu aliye hai, lakini inatosha kuonyesha ni upande gani mzigo unaongezeka.

Vladimir Janda, daktari wa Prague, alieleza mpangilio ambao wataalamu wengi bado wanautumia wanapompima mgonjwa: misuli ya kifua na ya juu ya mabega huwa imekaza, huku misuli midogo ya ndani, mbele ya shingo, pamoja na ile inayoshikilia makombe ya mabega kutoka chini, ikiwa imelegea. Makombe ya mabega ni ile mifupa miwili bapa iliyo nyuma ya mabega, na mara nyingi huko ndiko tiba inakoanzia, hata kama mgonjwa analalamikia shingo peke yake.

Je, mkao mbaya ndio chanzo cha maumivu yangu?

Huenda ndio, huenda sio. Wapo watu wengi ambao vichwa vyao vimetangulia mbele na hawaumwi kabisa, na wapo wanaokaa wima kama askari wa gwaride na bado shingo zinawasumbua. Maumivu ya shingo huchochewa pia na usingizi mchache, msongo wa mawazo, kazi ya kurudiarudia, na zaidi ya yote kukaa katika mkao mmoja kwa saa nyingi bila kujigeuza, uwe mkao huo mzuri au mbaya.

Watu wa mjini, kwa maoni yangu, wametishwa mno kuhusu mkao. Mtu anaambiwa kwamba mifupa yake "imehama", kisha anaanza kutembea amejikaza kama ubao, na misuli ambayo tayari ilikuwa imechoka inapewa kazi nyingine ya kumkaza. Mkao unarekebishwa ili shingo iwe na nguvu na uhuru wa kugeuka pande zote. Hakuna haja ya kufikia umbo moja kamili ambalo kila mtu anapaswa kuwa nalo.

Tepu inafanya nini mwilini?

Tepu ni utepe wenye gundi unaobandikwa juu ya ngozi, na kazi yake ni kukumbusha. Ikibandikwa vizuri kutoka mbele ya bega hadi katikati ya mgongo, ngozi huvutwa kila mara mwenye nayo anapojikunja, na mvuto huo mdogo humfanya ajinyooshe bila kuamriwa na mtu. Kwa watu wengine hupunguza pia maumivu kwa siku chache, jambo linalowawezesha kuanza mazoezi ambayo vinginevyo wangeyakwepa.

Haina dawa ndani yake, ingawa wapo wanaoamini hivyo kwa sababu wanahisi ngozi inapata joto. Haisogezi mifupa, na hairefushi wala kufupisha misuli. Tafiti nyingi zilizolinganisha tepu ya kunyumbulika na tepu ya aina hiyohiyo iliyobandikwa bila kuvutwa hazikuona tofauti kubwa kati yake, na nafuu iliyopatikana ilikuwa ya muda mfupi. Kwa hiyo mtu anayebandikwa tepu kila wiki kwa miezi kadhaa bila kupewa zoezi hata moja ana haki ya kuuliza mpango wa tiba yake ni upi.

Kuna tofauti gani kati ya tepu ngumu na ile yenye rangi rangi ya wanamichezo?

Tepu ngumu haivutiki. Hubandikwa juu ya tepu nyingine nyeupe, laini, inayolinda ngozi, na mvuto wake ni mkali kiasi kwamba mtu hawezi kujisahau. Mwanafiziotherapia wa Australia, Jenny McConnell, ndiye aliyeipa umaarufu katika miaka ya 1980 kwa matibabu ya goti, na baadaye mbinu hiyo ikatumika pia begani. Tepu ya kunyumbulika ilibuniwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970, na watu wengi duniani waliiona kwa mara ya kwanza kwenye miili ya wanamichezo wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Hii ni ya pamba, ina gundi upande mmoja, na inaweza kurefuka kwa takriban nusu ya urefu wake.

Kwa mkao wa mabega, tepu ngumu inakumbusha kwa nguvu zaidi lakini inachosha ngozi upesi. Ya kunyumbulika ni pole zaidi na inavumilika kwa siku nyingi. Rangi hazina maana yoyote ya kitabibu. Tepu ya kufungia maboksi na ile ya mafundi umeme zisitumike kabisa, kwani gundi yake inachubua ngozi na hazipitishi jasho.

Inabandikwaje?

Mara ya kwanza ibandikwe na mtu aliyesomea, kwa sababu mtu hawezi kuufikia mgongo wake mwenyewe bila kujipinda, na akijipinda tepu inakaa kombo. Baada ya hapo mwenzi au ndugu anaweza kufundishwa.

Siku moja kabla, kipande kidogo kibandikwe upande wa ndani wa mkono na kuachwa kwa saa 24 ili kuona kama ngozi itawasha. Siku yenyewe ngozi ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa, isipakwe mafuta ya nazi, losheni wala poda, na nywele zilizo nyingi mgongoni zipunguzwe. Mgonjwa huketi, na mtaalamu humwelekeza kwa viganja badala ya maneno: kiganja kimoja hugusa kifua na kukiinua kidogo, kingine hushika kombe la bega na kulisogeza nyuma na chini, taratibu, hadi mahali ambapo mgonjwa anapumua bila kujikaza. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Bega likivutwa nyuma kupita kiasi, mbavu za mbele hutokeza, kiuno hupinda, na mgonjwa ataing'oa tepu kabla ya magharibi.

Tepu huanzia mbele ya bega, chini kidogo ya ncha yake na mbali na kwapa, hupita juu ya bega, kisha hushuka mshazari hadi kando ya uti wa mgongo, usawa wa chini ya kombe la bega au chini yake kidogo. Upande wa pili hufanyiwa vivyo hivyo. Kwa tepu ya kunyumbulika, sentimita chache za mwanzo na za mwisho hulazwa bila kuvutwa hata kidogo, kwa kuwa malengelenge mengi hutokea kwenye ncha zilizovutwa. Katikati huvutwa kiasi, na pembe zote hukatwa kwa mviringo ili zisinase kwenye nguo. Mwishowe husuguliwa kwa kiganja ili joto liamshe gundi. Mgonjwa akijaribu kujikunja anapaswa kuhisi mvuto ulio wazi usiouma, na akiinua mikono juu ya kichwa aweze kufanya hivyo bila kuzuiwa.

Tepu isizungushwe kamwe shingoni. Upande wa mbele wa shingo hauguswi kabisa.

Kwa joto na jasho la Dar es Salaam, itadumu kweli?

Itadumu, ila kwa muda mfupi kuliko maelezo ya kwenye pakiti. Tepu ngumu huachwa kwa siku moja au mbili. Ya kunyumbulika huandikiwa siku tatu hadi tano, lakini kati ya Desemba na Machi, unyevu unapokuwa mwingi na shati linalowa hata kabla ya saa tatu asubuhi, siku mbili au tatu ni matarajio ya haki. Inafaa kubandika jioni, baada ya kuoga na mwili kupoa, ili gundi ishike usiku kucha. Ikibandikwa asubuhi na mtu akaingia moja kwa moja kwenye daladala iliyojaa, ncha zitaanza kunyanyuka akiwa bado njiani. Baada ya kuoga au kuogelea, tepu ikaushwe kwa kugandamizwa na taulo bila kusuguliwa. Ncha iliyonyanyuka ikatwe kwa mkasi. Isibandikwe tena kwa gundi nyingine.

Inatolewaje, na nani hapaswi kubandikwa?

Ilowekwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu au mafuta ya kupikia kwa dakika kadhaa. Kisha ikunjwe taratibu kuelekea zinakolala nywele, huku kidole cha mkono wa pili kikiibonyeza ngozi ibaki chini. Kuinyofoa kwa ghafla huchuna ngozi, hasa ya mzee. Ngozi ipumzike angalau siku moja kabla ya kubandikwa tena. Ikianza kuwasha sana, kuchoma au kutoa vipele, itolewe palepale hata kama ni usiku wa manane. Mwasho si dalili kwamba "inafanya kazi".

Asibandikwe mwenye kidonda, jipu, fangasi au ngozi iliyoungua mahali hapo, mwenye mzio wa gundi, mwenye uvimbe usiojulikana au saratani sehemu hiyo, wala aliyepigwa mionzi ya tiba karibuni. Wazee ambao ngozi yao imekuwa nyembamba na wenye kisukari ambao vidonda vyao vinachelewa kupona waamuliwe na mtaalamu aliyewaona.

Je, tepu inazuia udhu?

Tepu ya mabega na mgongo haifuniki viungo vya udhu, yaani uso, mikono hadi viwikoni, kichwa kinachopakwa maji, na miguu hadi vifundoni. Kwa josho la wajibu hali ni tofauti kwa kuwa maji yanatakiwa kufika mwili mzima. Hapo ni bora kuitoa, au kumuuliza shehe unayemwamini kama unaitumia kwa ulazima wa matibabu.

Ni mazoezi gani yanayosaidia zaidi?

Matatu au manne yanayofanywa kila siku yanashinda ishirini yanayofanywa Jumapili. Haya yafuatayo ndiyo yenye msingi imara, na yanafanyika nyumbani.

La kwanza ni la misuli ya ndani ya mbele ya shingo, ambalo Gwendolen Jull na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wamelifanyia utafiti kwa miaka mingi. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, na uweke khanga iliyokunjwa chini ya kisogo ili uso utazame dari bila kidevu kunyanyuka. Itikia kwa kichwa polepole, kama anayesema "ndiyo" kwa mtu aliye mbali, bila kukinyanyua kichwa kutoka kwenye khanga. Kidevu kitasogea sentimita moja au mbili tu. Weka vidole kwenye misuli miwili mikubwa inayoonekana pande za mbele za shingo: ikiwa imekaza kama kamba, umetumia nguvu nyingi mno, punguza. Shikilia kwa sekunde 10 ukiendelea kupumua, kisha legeza. Rudia hadi mara 10. Zoezi hili linaonekana dogo, na kwa sababu hiyo wengi huliacha. Lakini mwenye shingo iliyochoka atashangaa kuona kwamba mara ya sita misuli inaanza kutetemeka.

La pili ni la kuvuta, kwa ajili ya misuli inayorudisha makombe ya mabega nyuma na chini. Funga mpira mrefu wa kuvutika kwenye nondo ya dirisha, usawa wa kitovu, shika ncha mbili, na uvute viwiko nyuma vikisugua mbavu. Mabega yasipande kuelekea masikioni. Yakipanda, mpira ni mzito kwako au umechoka. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, na urudie mizunguko miwili au mitatu.

La tatu hufanyika ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa mabega, nyoosha viwiko. Bila kukunja viwiko, acha kifua kizame kuelekea ukutani, kisha usukume ukuta hadi uhisi mgongo wa juu unasogea nyuma na makombe yanazunguka mbavu. Msuli unaofanya kazi hapo uko ubavuni, chini ya kwapa, na ukilegea kombe la bega huchomoza kama bawa.

La nne ni la kunyoosha kifua. Simama mlangoni, egemeza mkono mmoja kwenye fremu, kiwiko kikiwa usawa wa bega, kisha geuza kiwiliwili upande wa pili hadi uhisi mvuto mbele ya bega. Kaa hapo sekunde 30, mara mbili au tatu kila upande. Ukihisi ganzi vidoleni, umevuta zaidi ya inavyotakiwa.

Asiye na nafasi ya yote haya asikate tamaa. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la wafanyakazi 198 waliokuwa na maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Waliofanya zoezi moja tu la kuinua mikono pembeni kwa mpira, dakika 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10, walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliofanya dakika 12. Dakika mbili zinapatikana hata wakati chai inachemka.

Sina mpira wa mazoezi. Nifanyeje?

Nenda kwa fundi baiskeli au kwa wauza mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa urefu, ikaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini, inafaa sana. Ikague kila mara kabla ya kuivuta, kwani ikiwa na ufa inaweza kukatika na kukupiga usoni. Chupa mbili za maji za nusu lita, zenye uzito wa nusu kilo kila moja, zinatosha kwa kuanzia zoezi la kuinua mikono pembeni.

Nitaona matokeo baada ya muda gani?

Maumivu hupungua kwanza, aghalabu ndani ya wiki mbili hadi sita kwa anayefanya kwa uaminifu. Nguvu halisi ya misuli huhitaji wiki 8 hadi 12. Umbo la kusimama hubadilika mwisho, na kwa mtu aliyepita umri wa miaka 50 huenda lisibadilike sana, ingawa maumivu yameondoka. Huko si kushindwa kwa tiba. Misuli kuuma kidogo siku inayofuata ni kawaida. Maumivu makali yanayodumu zaidi ya siku moja yanamaanisha kipimo kipunguzwe, si mazoezi yaachwe.

Tepu, ikitumika, ni ya wiki mbili au tatu za mwanzo, na matumizi yake yapungue kadiri nguvu inavyoongezeka.

Kazi yangu inanilazimisha kuinama. Mazoezi yatasaidia nini?

Yatasaidia nusu. Nusu nyingine iko kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Mtazame fundi cherehani wa Kariakoo anayeshona upindo kwenye kitambaa cheusi. Mguu uko kwenye pedali, mikono miwili inasukuma kitambaa, na macho yako sentimita ishirini kutoka kwenye sindano kwa sababu taa iko nyuma yake na kivuli chake mwenyewe kinaangukia kazi. Huyo hatapona kwa kuambiwa "kaa wima". Taa ndogo iliyofungwa kwenye cherehani yenyewe itamrudisha kichwa nyuma, na miwani ya kusomea kwa aliyevuka miaka 40 itamrudisha zaidi. Kigoda chake kikipanda kiasi, au kikiwekewa mto, mabega yanashuka. Kila anapomaliza kipande kimoja asimame, aangalie juu, azungushe mabega.

Msusi ana shida tofauti: mteja anaketi chini kabisa na msusi anainama juu yake kwa saa nne au tano. Mteja aketishwe kwenye stuli ndefu zaidi wakati wa kusuka utosini, na msusi mwenyewe aketi kwenye kiti kirefu anaposuka kisogoni. Mikono isikae juu ya usawa wa mabega kwa muda mrefu.

Wa ofisini mwenye kompyuta ya mpakato anaweza kuiinua kwa rimu za karatasi. Rimu moja ya karatasi 500 ina unene wa sentimita 5 hivi, na tatu mara nyingi hutosha kuleta ukingo wa juu wa kioo usawa wa macho. Lakini anunue kibodi ya pembeni, la sivyo mabega yatapanda badala ya shingo kushuka. Dereva arekebishe kioo cha ndani akiwa ameketi wima asubuhi. Mchana akiona haoni vizuri kupitia kioo hicho, ajue amezama kitini, na asiguse kioo, bali ajiinue.

Mama anayenyonyesha apandishe mtoto hadi kwenye ziwa kwa mito au khanga zilizokunjwa, badala ya kulishusha ziwa kwa mtoto. Miezi ya mwanzo hukaa hivyo mara nane au zaidi kwa siku, na wengi wanaofika na shingo iliyokaza hawajawahi kuulizwa swali hilo.

Ninasoma simu ndani ya mwendokasi kila siku. Niache?

Si lazima. Abiria wengi hubeba mkoba kifuani kwa kuhofia wezi. Mkoba huohuo ukiegemezewa kiwiko unainua simu hadi usawa wa kidevu. Macho yashuke, si kichwa. Kisha, kila kituo basi linaposimama, tazama nje ya dirisha mbali uwezavyo.

Wanaobeba ndoo kichwani wana shingo nzuri. Na mimi nijizoeze?

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na ushei, na uzito wote huo hukandamiza pingili za shingo. Waliozoea tangu utotoni wana ustadi wa kuusawazisha, na bado wapo wanaoumwa. Mtu ambaye tayari shingo yake inamsumbua asilijaribu.

Kinyozi wangu huikunja shingo hadi ilie, na ninapata nafuu. Kuna ubaya?

Upo. Nafuu hiyo ni ya kweli lakini ni ya saa chache, na mzunguko wa ghafla wa shingo unaweza, kwa nadra, kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Mtu aliyesomea huuliza maswali na kupima kabla ya kugusa shingo, na mara nyingi huchagua njia ya polepole. Kinyozi achue mabega akipenda, shingo asiizungushe.

Nina nundu chini ya kisogo. Ni mkao?

Mara nyingi ni mkao pamoja na mafuta yaliyojikusanya hapo, na hupungua kiasi kwa mazoezi na kupunguza uzito. Lakini nundu laini inayokua kwa mtu anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ina sababu nyingine, na daktari aliyeandika dawa aambiwe. Dawa zisiachwe kwa uamuzi wa mgonjwa. Kwa mama mzee anayezidi kujikunja na kupungua kimo, mifupa inaweza kuwa imedhoofika na pingili kuporomoka. Huyo apimwe kabla ya zoezi lolote la kujikunja mbele.

Mikanda ya kuvuta mabega inayouzwa mitandaoni inafaa?

Kwa dakika 20 au 30 kama ukumbusho, haina madhara. Ikivaliwa kutwa, inabana makwapa, na misuli inaachiwa mkanda kazi yake.

Ni dalili zipi zinazotaka daktari na si tepu?

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata udhaifu wa mkono au kuangusha vitu, ganzi inayosambaa, miguu kuwa mizito au kuyumba unapotembea, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au maumivu makali yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Kichwa kuuma ghafla kuliko wakati wowote, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili au ulimi kuwa mzito, ni dharura. Maumivu ya bega na taya pamoja na kifua kubana na jasho jembamba ni dharura pia, kwa kuwa yanaweza kuwa ya moyo.

Maumivu yanayoambatana na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito yasichuliwe wala kubandikwa kitu. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na kikigunduliwa mapema kinatibika.

Niende wapi, na niseme nini nikifika?

Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zina huduma za fiziotherapia, na hospitali nyingi binafsi pia. Picha ya eksirei si lazima kwa kila shingo inayouma. Pingili zenye dalili za uzee huonekana hata kwa watu wasioumwa, na mgonjwa hutishwa na picha bure.

Ukifika, eleza kazi yako kwa undani: unaketi juu ya nini, mwanga unatoka upande gani, mikono yako iko wapi kwa saa ngapi, unalalia mito mingapi. Vaa nguo inayofunguka mgongoni. Onyesha simu yako unavyoishika kila siku, bila kujitengeneza kwa ajili ya mtaalamu. Kabla ya kuondoka, rudia kila zoezi mbele yake kwa mwili wako mwenyewe, kisha uulize tarehe ya kurudi kukaguliwa.